Somo la Ramani: Kwa Nini Mtandao Hufika Barabarani Usifike Bondeni



Msimu uliopita, katika mikutano ya matawi, swali lililorudiwa kuliko yote halikuwa la miche wala la bei. Liliulizwa hivi: kwa nini simu husikilizana vizuri mtu akiwa juu barabarani, naye akishateremka bondeni kwenye mikarafuu yake, simu ileile huwa kama kipande cha kigae? Baadhi walijibu kwamba ni vilima. Wengine wakasema ni ubahili wa makampuni. Majibu hayo mawili yote yana kweli ndani yake, lakini iko sababu ya tatu ambayo haikutajwa na mtu, nayo ndiyo tutakayoifanyia somo leo. Sababu hiyo ni ramani.

Kwanza tuitazame hasara yenyewe, isije ikadhaniwa kwamba twazungumza mambo ya vijana na michezo yao ya simu. Mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa ya kusimulia habari hii bila ya kumtaja jina, alianika karafuu zake siku moja ya mawingu mepesi. Mwanawe anayekaa mjini alipata katika simu yake tahadhari ya mvua saa 4 asubuhi, akampelekea baba yake palepale. Ujumbe ulimfika baba saa 12 jioni, alipopanda kwenda dukani kununua chumvi. Wakati huo karafuu zilikuwa zimekwisha rowa tangu alasiri. Kila mkulima ajua karafuu iliyorowa kabla ya kukauka sawasawa huwa na rangi gani siku ya kupelekwa mizani, na hushuka daraja gani. Hasara ile haikuletwa na mvua peke yake. Ililetwa na nusu maili ya njia, kutoka pale alipoanika hadi mahali ambapo simu hushika mtandao.

Habari kupita chini ya bahari si jambo jipya katika visiwa hivi. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa baharini kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka hapo kuendelea Msumbiji na Durban. Tangu siku hizo mfanyabiashara wa mjini aliweza kupata habari za bei za London bila ya kungoja meli. Jumba la telegrafu lililojengwa Shangani liko hadi leo, ila sasa ni hoteli ya wageni. Mkulima aliyekuwa akipanda ngazi kuchuma karafuu zilezile hakuwa na waya. Waya ulifika bandarini, mahali palipokuwa na jina katika ramani za biashara, ukaishia hapo.

Mambo ya leo ni makubwa zaidi, lakini mwendo wake haukubadilika sana. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ule wa EASSy ukaanza kazi. Kabla ya hapo, mawasiliano mengi ya intaneti baina ya Afrika Mashariki na dunia yalipitia setilaiti zilizo juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, kwa gharama kubwa na kwa kuchelewa. Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kwa mwanga, kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde moja. Kwa hiyo, kutoka Ulaya hadi pwani yetu, habari haina taabu. Taabu yake yote iko katika maili mbili tatu za mwisho.

Maili hizo za mwisho hupitia mnara. Mnara hutoa mawimbi, na mawimbi yanayobeba intaneti ya kasi, hasa yale ya masafa ya juu, hayaendi mbali wala hayazunguki kilima vizuri. Majani mengi, tena yenye maji, huyapunguza nguvu. Sasa itazame Pemba ya magharibi ilivyo: kilima na bonde, kilima na bonde, na mikarafuu haitupi majani mwaka mzima. Ardhi ileile inayoupendeza mkarafuu ndiyo inayoyaudhi mawimbi. Tiba yake ni minara zaidi, iliyowekwa mahali panapofaa, lakini mnara ni mali nyingi, na kampuni huuliza kwanza: watu wangapi watahudumiwa na mnara huu? Wakiwa wachache, kampuni huenda kwingine. Kwa ajili hiyo Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao huyapa makampuni ruzuku ili yajenge mahali ambapo biashara peke yake isingeyapeleka.

Basi ofisa anayeamua, awe wa kampuni au wa serikali, hawezi kuteremka kila bonde. Hufungua ramani. Mahali ambapo ramani inasema pamekwisha hudumiwa, hapatazami tena.

Hapo ndipo somo letu linapoanza hasa, na mfano tumeuchukua Marekani. Hatukuuchagua kwa sababu ya utajiri wao. Tumeuchagua kwa sababu kosa lao walilifanya hadharani, likaandikwa, na likasahihishwa hadharani, na mtu hujifunza vizuri zaidi kwa kosa lililoandikwa.

Kwa miaka mingi, Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilikusanya kutoka kwa makampuni orodha ya mahali ambapo kila kampuni inatoa intaneti ya kasi. Orodha ilifuata vipande vya sensa. Mjini, kipande cha sensa ni kama mtaa mmoja uliozungukwa na njia. Shamba, kipande kimoja chaweza kuwa cha maili nyingi za mraba. Na kanuni ilikuwa hii: kampuni ikiweza kumhudumia mtu mmoja tu ndani ya kipande, kipande kizima kihesabiwe kuwa kimehudumiwa. Ni sawasawa na bwana shamba aje kukagua maradhi, aone mkarafuu mmoja mzima kando ya barabara, kisha aandike katika daftari lake kwamba shamba zima ni salama, apande gari arudi mjini.

Matokeo yake hayakuwa mzaha. Mkulima wa Marekani aliyekaa mwisho wa njia ya vumbi, maili tatu kutoka kwa jirani mwenye waya, alikuwa katika ramani ana intaneti. Alipouliza msaada wa serikali wa kupelekewa waya, jibu lilikuwa kwamba eneo lake limekwisha hudumiwa. Hakuweza kubishana na ramani, maana ramani haikumtambua yeye. Ilikitambua kipande tu.

Yakaja na mengine ya kuchekesha. Mapema mwaka 2019, Tume ilitangaza katika rasimu ya taarifa yake kwamba Wamarekani waliokosa intaneti ya kasi wamepungua hadi watu milioni 19.4. Watu wa nje ya serikali wakazipekua zile orodha, wakagundua kwamba kampuni moja ndogo ilikuwa imeandika kwamba yahudumia kila kipande cha sensa katika majimbo 8, yenye watu karibu milioni 62. Kosa hilo moja lilikuwa limepita bila ya mtu kulishuku. Hesabu ikafanywa upya, ikawa waliokosa ni watu milioni 21.3. Karibu watu milioni mbili walikuwa wamepewa intaneti kwa kalamu.

Mwaka 2020 ikapitishwa sheria ya kuibadilisha namna ya kuhesabu. Badala ya vipande, ikatengenezwa ramani ya kila jengo la kuishi au la biashara, kila jengo na alama yake. Ramani hiyo ilitolewa mwezi wa Novemba 2022, ikiwa na alama zaidi ya milioni 113. Lakini jambo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, halikuwa wingi wa alama. Ni kwamba kila raia aliruhusiwa kuitafuta nyumba yake katika ramani na kuikanusha: kusema kwamba nyumba yangu haimo, au imo lakini kampuni iliyoandikwa kwamba yanihudumia hainihudumii. Majimbo yaliwahimiza watu wake wafanye hivyo kabla ya tarehe 13 Januari 2023, na kwa nini yaliwahimiza? Kwa sababu bunge lao lilikuwa limetenga dola bilioni 42.45 za kupeleka intaneti ya kasi mahali pasipokuwa nayo, na kila jimbo, baada ya kupewa fungu la chini lililo sawa kwa wote, lingepata fungu lake kwa kadiri ya alama zake zilizokosa huduma. Katika miezi michache ziliongezeka alama mpya zaidi ya milioni moja ambazo hapo kwanza hazikuwamo. Mwezi wa Juni 2023 fedha zikagawanywa kwa ramani iliyosahihishwa, na jimbo la Texas peke yake likapata zaidi ya dola bilioni 3.3.

Tuseme wazi kwamba kugawa fedha si kuchimba mtaro. Miaka miwili baada ya mgawo huo, nyumba nyingi zilikuwa bado zangoja waya, na kanuni za matumizi zilibadilishwa katikati ya njia. Ramani nzuri haileti mtandao kwa siku moja. Ila bila ya ramani nzuri, hata hiyo foleni ya kungoja mtu hapangwi.

Na kosa moja halikwisha. Alama hizo milioni 113 ni za nyumba na mahali pa biashara. Konde la mahindi lenyewe halina alama, ingawa siku hizi mkulima wa kule ana trekta inayoongozwa na setilaiti na vipimo vya unyevu vilivyochomekwa udongoni, ambavyo vyote vyataka mtandao palepale kondeni. Wakulima wao wamelalamika sana juu ya jambo hili. Mchora ramani huona alichotumwa kukiona. Kapiteni Owen wa jeshi la bahari la Uingereza alipoipima pwani yetu katika miaka ya 1820, alipima kina cha maji na miamba kwa uangalifu mkubwa, maana mabwana zake walitaka kupitisha meli. Ramani za mabaharia ndivyo zilivyo: baharini zimejaa tarakimu, na nchi kavu ni nyeupe.

Sasa turudi kwetu. Hatusemi kwamba ramani za hapa zina kosa lile la Marekani; hilo ndilo tunalotaka kulijua, na njia ya kulijua tutaieleza. Twasema tu kwamba mambo mengi ya maendeleo hapa hupangwa kwa shehia, na shehia moja ya Pemba yaweza kuwa na barabara ya lami upande mmoja, na upande wa pili mabonde matatu ambayo gari haliingii. Ikisemwa kwamba shehia fulani ina mtandao, muulize msemaji: shehia yote, au ule upande wa lami?

Hatuanzi bila ya kitu. Mwaka 2016 ilianza kazi ya kuzipiga picha Unguja na Pemba kutoka angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani, chini ya Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia. Ndege hizo hazifiki uzito wa kilo moja. Hurushwa kwa mkono, hufuata njia zilizopangiwa, na hutua kwa tumbo. Wanafunzi wetu wenyewe walifundishwa kuzirusha. Picha zake zaonesha paa, ua, njia ya miguu, na mahali pengine hata mti mmoja mmoja, na nyingi ziliwekwa wazi kwa kila mtu mwenye intaneti. Kisha mwaka 2022 ikapita kazi ya anwani za makazi nchi nzima, nyumba zikapewa namba, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo ikafanywa sensa kwa vishikwambi, iliyohesabu watu 272,091 Kaskazini Pemba na 271,350 Kusini Pemba.

Yote hayo ni mali. Lakini fikiri mambo mawili. La kwanza, anwani ya makazi ni ya nyumba. Sakafu ya kuanikia haina anwani, wala kambi ya wachumaji haina, wala pale kwenye mikarafuu 60 ambapo mtu hushinda kutwa kwa wiki nzima. Katika hesabu, mkulima huyo yuko nyumbani kwake kando ya barabara, na simu yake inashika. La pili, picha zile za angani ni nzito. Kuzifungua kwataka intaneti ya kasi. Kwa hiyo mtu aliyeko Geneva aweza kuona leo paa la banda lako na njia inayoshukia kisimani, nawe uliye chini ya paa lile huwezi. Ramani yahitaji mtandao ili imfikie mwenye nchi asahihishe makosa yake, na mtandao wahitaji ramani ili ujue pa kwenda. Kimoja kikikosekana, kingine hukaa mjini.

Basi mkulima afanye nini? Kazi ya kwanza ni kujifunza kuchukua alama ya mahali, nayo si ngumu. Wengi hudhani kwamba simu huijua mahali ilipo kwa kutumia kifurushi. Sivyo. Simu husikiliza setilaiti za GPS, zinazozunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, na ikizisikia nne au zaidi hupiga hesabu ya mahali ilipo. Kusikia huko ni bure, na kwafanyika hata mahali pasipo mtandao kabisa. Kinachotakiwa ni uwazi wa mbingu. Kwa hiyo usisimame chini ya mkarafuu mkubwa. Nenda kwenye sakafu au uwanja ulio wazi, ungoje dakika mbili tatu simu itulie. Penye uwazi, simu ya kawaida hukosea kiasi cha mita 5. Chini ya miti yaweza kukosea mara kadhaa ya hapo.

Simu itakupa namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, yaani umbali wako kusini ya ikweta. Ya pili ni longitudo, yaani umbali wako mashariki ya Greenwich. Mji wa Chake Chake uko karibu na latitudo 5.25 Kusini na longitudo 39.77 Mashariki. Simu nyingine huiandika Kusini kwa alama ya kutoa mbele ya namba, na ukiisahau utajikuta kaskazini ya ikweta, kule Ethiopia. Sasa hesabu tarakimu zilizo baada ya nukta, maana hapo ndipo watu hukosea. Tarakimu mbili hukufikisha ndani ya kilomita moja tu, na katika kilomita moja ya Pemba mna vilima vingapi? Tarakimu tatu ni mita mia na kidogo. Tarakimu nne ni mita 11. Tarakimu tano ni kiasi cha mita moja, ingawa simu yenyewe haina uhakika huo. Andika tano, usikate.

Alama hizi zina kazi nyingine ambayo wazee wetu wangeipenda. Maradhi ya kifo cha ghafla, yaliyoua mikarafuu mingi mno katika karne iliyopita, hushika miti iliyokomaa, na mara nyingi huenda kutoka mti uliokufa kwenda kwa majirani zake. Mti mmoja mkavu hausemi mengi. Miti mikavu 20, kila mmoja na alama yake na mwezi uliokufa, huonesha maradhi yalipoanzia na yanaelekea upande gani, na wataalamu wa kilimo waweza kuyatazama hayo kabla hawajatia mguu shambani, ikiwa tu kuna mtandao wa kuwafikishia.

Tahadhari mbili. Alama ya simu si hati ya shamba. Mita 5 za kosa zatosha kula safu nzima ya mikarafuu ya jirani, na magomvi ya mipaka ya zile eka tatu tatu twayajua. Asije mtu mbele ya sheha na simu akasema setilaiti imempa haki. Na pili, usizitangaze ovyo alama za mahali unapoanika, hasa wakati wa msimu. Mwizi wa karafuu naye ana simu.

Kila tawi litagawa karatasi kwa wanachama. Mwanachama aandike alama ya sakafu yake na ya bonde analochumia, jina la kampuni ya simu anayotumia, na hali aliyoikuta: haishiki kabisa, yashika kwa kusema tu, au yapokea na picha. Asiye na simu ya kuchukua alama aongozane na kijana anayeijua. Shamba ni lake, kijana atasoma namba tu. Karatasi zitahifadhiwa na katibu wa tawi, na kitakachopelekwa nje ya Chama ni ramani isiyo na majina ya watu. Tafadhali saa iandikwe pia, na jaribio lifanywe mara mbili, asubuhi na baada ya magharibi. Mnara unaotosha asubuhi huelemewa usiku, wakati wachumaji wote wa kambi wamerudi na kila mmoja anapiga simu nyumbani, na karatasi isiyo na saa haitaweza kutuonesha tofauti hiyo.